Nimeona kosa kwenye maelezo ya lugha ya programu, nirekebishe ama niachane nayo?

SWALI: Habari ya kazi dada mhariri. Mimi ni kijana wa hapa Kondele, Kisumu, najifunza programu kwa laptopu ya kuazima na bando nikipata. Juzi nikisoma maelezo rasmi ya lugha ninayojifunza nikaona neno limeandikwa mara mbili, alafu chini yake kuna mfano, nikiuendesha jibu linatoka tofauti na lile limeandikwa hapo. Marafiki wananiambia hayo yameandikwa na wataalamu na mimi hata mwaka sijamaliza. Kweli naweza kuwarekebisha watu kama hao?

JIBU: Mdogo wangu unaweza, na tafadhali usiache. Mtaalamu akifungua ukurasa kama huo anachukua anachotafuta anaenda zake, lakini wewe unasoma neno kwa neno na kila mfano unauandika vile ulivyo, ndio maana umeona. Na mfano mbovu unaumiza kuliko hilo neno lililorudiwa, maana anayeanza akipata jibu tofauti hasemi maelezo yana makosa, anasema mimi ndio sijui, anafunga laptopu anaenda kulala.

Ila kabla hujagusa kitu hakikisha. Mashine yako iko na toleo gani, na ukurasa ni wa toleo gani? Mara nyingi tofauti hutoka hapo. Chukua lugha ya Python kwa sababu wengi huanza nayo: kwa docs.python.org juu kuna mahali pa kuchagua toleo, fungua lile ambalo bado linatengenezwa, pengine mtu ashasahihisha. Kama kosa bado liko, tafuta linki ya Show Source pembeni, itakupeleka GitHub, tovuti ambapo watu huweka na kurekebisha kodi za miradi pamoja, kwenye faili lenyewe ndani ya folda ya Doc, hakikisha uko kwa tawi la main, yaani nakala kuu ya mradi, bonyeza alama ya penseli na unaandika hapo hapo kwa brauza bila kupakua mradi mzima, bando haiishi. Kama ni mara yako ya kwanza utaombwa usaini mkataba wa wachangiaji, wa kuruhusu mradi utumie ulichoandika.

Neno lililorudiwa tuma tu rekebisho, halihitaji ripoti. Lakini ule mfano, huo andikia ripoti kwanza, sema umetumia toleo gani, umeandika nini, umepata nini, kwa sababu inawezekana maelezo yako sawa na programu yenyewe ndiyo imeharibika, na ukibadilisha maandishi yafanane na jibu ulilopata utakuwa umeficha kosa kubwa zaidi.

Alafu majina yaliyo ndani ya programu usiyanyooshe hata kama tahajia inakuudhi. Kwa HTTP, ile lugha ambayo brauza na tovuti huongea nayo, kuna kichwa, yaani mstari wa maelezo unaotumwa na ombi, kinaitwa Referer, kimekosa r moja, kikaingia hivyo kwenye RFC 1945, waraka wa maelezo ya HTTP wa mwaka 1996, na hadi leo lazima kiandikwe hivyo, maana programu za dunia nzima zinakitafuta kwa jina hilo.

Ukishatuma ngoja. Wengi wanaokagua wanajitolea, wana kazi zao, inaweza chukua wiki, na wakikuuliza kitu jibu kwa upole.

SWALI: Nikituma marekebisho mengi madogo madogo, si waajiri wataona GitHub yangu iko moto? Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapana kaka, hiyo njia iliwahi kuharibika. Mwaka 2020 kwenye Hacktoberfest, ile kampeni ya kila Oktoba ya kampuni ya DigitalOcean ya kuhimiza watu wachangie miradi ya kodi huria, watu walitaka tisheti ya zawadi wakamwagia miradi mabadiliko yasiyo na maana, wengine wakiongeza neno moja tu kwa README, lile faili la kuutambulisha mradi, wenye miradi wakachoka kuyafunga mpaka waandalizi wakabadilisha sheria siku chache tu baada ya kampeni kuanza, mabadiliko yahesabiwe tu kama wenye mradi wamekubali kushiriki. Tuma kosa ulilokutana nalo ukisoma kwa haja yako, na yakiwa matano kwa faili moja yaweke kwa ombi moja la marekebisho (pull request), usiyagawanye. Na sentensi ambayo iko sawa ila wewe ungeiandika vingine, hiyo iache.