Mpwa wangu, pwani ya New Jersey si pwani ya Tanga

Mpwa wangu,

Katika ujumbe wako wa sauti umeniuliza, kwa niaba ya ndugu waliokuwa kwenye kikao cha harusi, inakuwaje mtu anayeishi Marekani, tena katika jimbo la pwani lililojaa miji na ajira, mwaka wa tisa huu hajaezeka nyumba ya Pongwe. Nakujibu kwa maandishi, asije mtu akasema nilijikanyaga.

New Jersey ni ndogo kuliko Mkoa wa Tanga, lakini sensa ya 2020 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 9.2, na hakuna jimbo jingine la Marekani lenye msongamano kama huo. Limebanwa kati ya jiji la New York na Philadelphia, na kubanwa huko ndiko kunakoleta kazi, na ndiko kunakoila pesa ya kazi hiyo. Ni katika bandari ya Newark ambako meli ya Ideal-X iling'oa nanga tarehe 26 Aprili 1956 ikiwa na makontena 58, safari inayohesabiwa kuwa mwanzo wa biashara ya makontena tunayoiona leo. Nami riziki yangu ni kushusha mizigo ya makontena ghalani, zamu ya usiku. Kima cha chini cha mshahara mwaka 2025 kilikuwa dola 15.49 kwa saa. Najua umeshapiga hesabu ya shilingi kabla ya kufika hapa.

Sasa anza kutoa. Chumba changu, katika nyumba tunayoishi watu watano mjini Elizabeth, ni dola 900 kwa mwezi, na kila mwaka mwenye nyumba hupandisha akisema kodi ya majengo imepanda. Hasemi uongo, kwa maana kodi hiyo hapa ni miongoni mwa kubwa kabisa Marekani: jimbo limekatwakatwa katika serikali za mitaa 564, nyingi zikiwa na polisi wake na shule zake, na mzigo huo huangukia nyumba. Kiswahili chetu kinaziita zote mbili kodi, ya chumba na ya majengo, na ni hapa nilipoelewa kwamba moja huzaa nyingine.

Bahari nayo usiitamani sana. Kiangazi cha kwanza nilipanda treni kwenda ufukweni, nimebeba taulo na chapati zangu, na kijana aliyeketi chini ya mwavuli akaniuliza beji yangu iko wapi. Nikadhani amenifananisha na mlinzi. Kumbe miji mingi ya pwani hii hutoza kiingilio majira hayo, na beji ndiyo risiti; siku ile nilitoa dola 10 ili nikanyage mchanga, mimi mtoto wa Raskazone, ufukweni Tanga! Atlantic City ufukwe ni bure, ila huko kuna kasino tangu 1978, na pesa huliwa kwa mlango mwingine.

Watu siwalaumu. Ghalani tunasemezana Kihispania kuliko Kiingereza, na mtaa wa Ironbound kule Newark, wenye Wareno na Wabrazili, samaki wa kuchoma hunikumbusha nyumbani.

Bati nitatuma hela yake mwezi wa tatu. Mchango wa harusi ni laki tatu. Usiahidi zaidi kwa niaba yangu.