Yungiyungi la buluu kwenye bwawa la nyumbani: tope usilitupe

Dada, pole sana. Umesema umepanda yungiyungi mara mbili kwenye bwawa jipya la saruji hapo Bagamoyo, yote mawili yakaungua majani, na sasa fundi anakushauri uweke gugumaji kwa sababu "halifi". Nakuomba usimsikilize kwenye hilo. Gugumaji lilitoka Amerika Kusini, na watu wa Ziwa Victoria wanajua lilivyowatesa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mvua kubwa moja ikifurika bwawa lako, litafuata mfereji hadi litakapofika. Yungiyungi la buluu ni la kwetu. Wataalamu huliita Nymphaea nouchali, na aina yake moja imebeba mpaka jina la Zanzibar. Mimi nina miaka saba nalo hapa Pongwe, Tanga.

Anza na bwawa lenyewe. Saruji mpya hutoa chokaa na maji yanakuwa makali. Lijaze, liache wiki nzima, mwaga, sugua kuta, kisha rudia tena mara mbili. Halafu onja maji ya kisima chako. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na yungiyungi haliiwezi: ukingo wa jani unakauka na kuwa kahawia, vilevile ulivyoeleza. Kinga maji ya mvua kwenye bati.

Udongo ndio unaowaangusha wengi. Usitumie ule wa kwenye vitalu vya miche, wenye mboji na pumba; nusu unaelea, nusu unaoza. Mimi nachukua mfinyanzi kwenye majaruba ya mpunga, ule unaong'ang'ania jembe. Nauweka kwenye beseni pana, nazika kiazi huku kichwa kinachochipua kikichungulia juu, natandaza kokoto kidogo ili samaki wasichimbue, kisha nalishusha mahali ambapo maji yatalizidi kama sentimita 15. Majani yakishafika juu nalishusha tena, mpaka sentimita 40 hivi. Liwe juani saa sita kwa siku au zaidi, na mbali na bomba linalomwagika. Halipendi maji yanayochezacheza.

Mbolea: mwaka wa kwanza nilimwaga samadi ya kuku moja kwa moja bwawani, nikidhani nalisaidia. Ndani ya wiki maji yalikuwa kijani kibichi na perege wangu wote wakaelea matumbo juu. Niliumia sana. Siku hizi nafunga kijiko cha chai cha NPK kwenye kipande cha gazeti, nakisukuma ndani kabisa ya udongo, mara moja kwa mwezi wakati linachanua. Basi.

Na likichanua, tenga asubuhi moja ukae nalo. Ua hufunguka mnamo saa tatu, limesimama juu ya maji kwenye kikonyo chake, na alasiri linajifunga. Hufanya hivyo siku tatu au nne. Ile siku ya kwanza inama ulitazame katikati: kuna kikombe kidogo cha majimaji, na mara nyingine utakuta nyuki amezama humo. Alikuja na chavua ya ua jingine, majimaji yakaiosha mwilini mwake. Kesho yake kikombe kimekauka na ua lenyewe ndilo linatoa chavua. Mwishowe kikonyo kinajikunja na kurudi chini, tunda linaivia majini. Nikitaka mbegu nalivalisha tunda kitambaa cha chandarua kabla halijapasuka, maana mbegu huelea muda mfupi tu kisha zinazama usizione tena.

Vidukari wakijaa juu ya majani, usipulize dawa. Lizamishe jani kwa mkono, wasuuze, samaki watakula. Samaki wadogo watamaliza pia viluwiluwi vya mbu. Na ukienda kuchukua miche kwenye dimbwi la porini, vaa mabuti marefu na glavu. Kichocho kipo ukanda wetu huu, kinatokana na konokono wa maji hayohayo.

Sasa hili la tope. Kiangazi kimoja maji ya bomba yalikatika muda mrefu, bwawa langu likakauka mpaka likapasuka nyufa. Nilikuwa nimeshika koleo nitupe kila kitu. Bibi yangu, ambaye amelima mpunga Muheza maisha yake yote, akanizuia: "Liache, limelala." Masika yalipoanza, siku ya kumi na kitu hivi, nikaona vijani vyembamba vyekundu-vyekundu chini ya maji. Vidimbwi vya kwetu hukauka kila mwaka, na kiazi kinajua kungoja topeni.

Kwa hiyo hayo mawili yako, kabla hujanunua la tatu, fukua kiazi ukibonyeze kwa kidole. Kikibonyea na kunuka, hicho kimekwisha. Kikiwa kigumu kama njugu mbichi, hata kama hakina jani moja, kirudishe kwenye karai la mfinyanzi na maji ya mvua, kiweke juani, unipe majibu baada ya wiki tatu.