Jibu: Usiing'oe mihogo yote kwa ajili ya korosho

Mkuu, umeuliza kama ung'oe mihogo huko Newala, Mtwara, upande mikorosho shamba zima, kwa kuwa wazee "walilima kila kitu wakabaki maskini". Mimi nasema usiing'oe. Wazee walichanganya mtama, kunde, mbaazi na muhogo kwa hesabu kali. Mvua ikikatika mtama ukakauka, mbaazi husimama, na muhogo hukaa ardhini mwaka na zaidi bila ghala wala dawa. Ziada wakaanika makopa, yaani vipande vya muhogo mkavu.

Korosho inalipa, sikatai, ila bei huipangi wewe. Mwaka 2018 wanunuzi walitoa bei ndogo hadi serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Na asiye na chakula mwezi wa pili ndiye anayeuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wanaonunua kwa bei ya kutupa nje ya soko rasmi, korosho ambazo mti wake haujatoa hata ua! Hilo linaniuma sana, maana mavuno yakifika yeye anavunia mwingine.

Kwa hiyo bakiza eka ya chakula kwanza. Palizi saidianeni na majirani, leo kwako kesho kwake, na mkopo uwe wa salfa tu, ile dawa ya ukungu wa mikorosho.