Friza inayeyuka usiku na friji inapoza vizuri: je, gesi imevuja?

SWALI: Ndugu fundi, mwezi wa Aprili tulihama Pasua, Moshi, tukaja kuishi Ilboru, Arusha. Friji yetu ni ya milango miwili, friza ikiwa juu, na ina swichi moja tu ya kuzungusha, yenye namba 1 hadi 7, ndani ya sehemu ya chini. Ukuta wa nyuma wa sehemu hiyo huota barafu nyembamba, kisha hutoa matone ya maji. Wiki za mwanzo ilifanya kazi bila tatizo. Tangu katikati ya Juni, nyama na perege tunaoletewa kutoka Nyumba ya Mungu tunawakuta asubuhi wamelainika, na maji mekundu yametiririka hadi kwenye mpira wa mlango; ikifika alasiri huanza kuganda tena. La kushangaza ni kwamba chini kunapoza kama kawaida na maziwa hayaharibiki. Friji iko kwenye stoo ya nje, pembeni ya jiko, ambayo madirisha yake ni ya wavu mtupu. Fundi wa mtaani anasema gesi ilivuja tulipoisafirisha ikiwa imelazwa, na anataka kujaza nyingine. Je, nimruhusu? Nimeona pia kwamba uniti za LUKU zinakaa zaidi kuliko tulipohamia. Mama msomaji, Ilboru.

JIBU: Mama, mwombe fundi asubiri. Kwa jinsi ulivyoeleza, mfumo wa gesi wa friji hiyo una dalili zote za uzima, na kinachoisumbua ni baridi ya stoo yenu.

Friji ya aina yako ina kompresa moja, yaani mota inayosukuma gesi, na themostati moja, yaani ile swichi ya namba inayoiwasha na kuizima, na hiyo themostati hupima ubaridi wa ukuta wa nyuma wa sehemu ya chini peke yake. Friza haina wa kuisemea. Kompresa ikishazima, themostati haiiwashi tena mpaka ukuta ule upate joto la kuyeyusha barafu yake yote, yaani nyuzi 4 au 5 hivi juu ya sifuri. Ndiyo sababu unaona matone. Kule Pasua, ambako hata usiku wa Julai si mkali sana, ukuta ulipata joto haraka, kompresa ikawaka mara kwa mara, na friza ikafaidi kila inapowaka. Ilboru iko kwenye miteremko ya Meru, juu zaidi ya Moshi kwa mamia ya mita, na stoo ya madirisha ya wavu mwezi wa Juni hadi Agosti hukaribiana na hali ya nje. Chumba kikiwa na nyuzi 10 au 12, ukuta ule huchukua muda mrefu mno kufika nyuzi 5, na muda wote huo kompresa imenyamaza huku friza ikipoteza ubaridi wake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Katika chumba cha nyuzi 25, sehemu ya chini yenye nyuzi 5 inapishana na chumba kwa nyuzi 20, na friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri inapishana nacho kwa nyuzi 43. Chumba kikishuka hadi nyuzi 12, tofauti hizo zinakuwa 7 na 30. Maana yake ni kwamba mahitaji ya sehemu ya chini yameshuka hadi karibu theluthi moja, ilhali friza bado inahitaji kiasi cha asilimia 70 ya kazi iliyokuwa ikifanyiwa awali. Kwa kuwa anayesikilizwa ni wa chini, friza inapata theluthi na inayeyuka. Mchana stoo inapopata joto, kompresa inaamka na nyama inaanza kuganda, kama ulivyoeleza.

Kuhusu gesi, kigezo changu cha kwanza huwa ni muda ambao kompresa inafanya kazi. Friji iliyopungukiwa gesi haipumziki: inanguruma usiku na mchana kwa sababu haifikii ubaridi unaotakiwa, uniti zinakwenda mbio, na kwa kawaida barafu huonekana kwenye kipande kidogo tu cha bomba au ukuta, sehemu nyingine ikibaki kavu. Yako inafanya kinyume cha hayo yote. Kukaa kwa uniti kulikokufurahisha ni ushahidi kwamba kompresa imelala kupita kiasi. Ni kweli kwamba friji iliyosafirishwa ikiwa imelazwa inaweza kuleta matatizo, kwa kuwa mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba, na ndiyo maana inatakiwa isimamishwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Lakini madhara hayo hayasubiri Aprili hadi Juni ndipo yajitokeze, wala hayachagui usiku.

Usinisadiki kwa maneno matupu, jaribu hivi. Mapema asubuhi, kompresa ikiwa kimya, chukua bakuli la maji ya moto yasiyochemka, liweke kwenye sehemu ya chini juu ya kitambaa kilichokunjwa, kwa sababu rafu ya kioo inaweza kupasuka, kisha funga mlango. Ndani ya nusu saa hivi unapaswa kusikia kompresa ikiwaka. Iache iendelee, na baadaye pitisha kiganja nyuma au ubavuni mwa friji, palipo na mabomba ya kutolea joto: yanatakiwa kuwa na uvuguvugu unaosikika vizuri. Chungulia pia ukuta wa nyuma. Barafu ikitanda sawasawa pande zote, gesi ipo ya kutosha. Kama badala ya kuwaka unasikia mngurumo wa sekunde chache, kisha mlio wa "tak", halafu kimya, na hali hiyo inajirudia baada ya dakika chache, hilo ni jambo jingine: ama umeme ni mdogo, ama rilei ya kuwashia kompresa imechoka. Hapo fundi apime volti kwenye soketi kabla ya kufungua chochote. Umeme wetu unatakiwa kuwa kwenye volti 230 au karibu na hapo.

Dawa ya tatizo lako ni kuihamishia friji ndani ya nyumba. Kwenye kibati kilichobandikwa ndani ya friji au mgongoni mwake kuna herufi zinazoonyesha joto la chumba ambalo friji imetengenezewa. N ni nyuzi 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, na T, ambayo imekusudiwa nchi za joto kama yetu, ni 16 hadi 43. SN ndiyo inayoanzia nyuzi 10.   Ukiiweka sebuleni au jikoni ndani, iache nafasi ya kama sentimita 10 kutoka ukutani, na usiifunike blanketi kwa nia ya kuitia joto, kwani itashindwa kupumua mchana.

Kama nafasi ndani haipo, angalia karibu na swichi ya namba kama kuna kitufe kidogo chenye alama ya chembe ya theluji. Baadhi ya friji huwa nacho kwa ajili ya majira ya baridi: huwasha kipashajoto kidogo, au taa ya ndani kwa nguvu hafifu, ili ukuta upate joto na kompresa iamke. Ikiwa friji yako inatumia taa kwa kazi hiyo na mtu alishabadilisha balbu ya asili akaweka ya LED, kitufe hakitasaidia, kwa kuwa LED haitoi joto la kutosha. Kupandisha namba kutoka 3 hadi 5 au 6 husaidia kiasi tu: namba hubadilisha pale kompresa inapozimia, lakini pale inapowakia hubaki palepale. Ukiipeleka 7, huenda mboga zikaganda chini na friza ikaendelea kuyeyuka vilevile.

Wakati unapanga hayo, gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu ya shilingi 200 juu ya barafu, na ukiache ndani ya friza. Asubuhi ukikuta sarafu imezama, friza iliyeyuka usiku hata kama kila kitu kimeganda upya. Nyama ambayo bado ina chembe za barafu inaweza kupikwa siku hiyohiyo. Iliyolainika kabisa na kupoteza ubaridi kwa zaidi ya saa mbili itupwe, na perege vivyo hivyo, hata kama havinuki, kwa sababu pua haiwezi kutambua vijidudu vyote vinavyodhuru.

Ikitokea kwamba friji imekaa ndani siku chache, kompresa inafanya kazi bila kupumzika na friza bado haigandishi, hapo mwite fundi wako, na umwulize pengo linalovujisha gesi liko wapi. Gesi ya friji haiishi kama ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua kuna mahali imetokea. Anayejaza bila kuziba pengo, bila kubadilisha filta na bila kuvuta hewa kwa pampu atakurudia baada ya muda kukudai tena. Msome pamoja kibati cha kompresa: kikiwa na maandishi R600a na alama ya mwali wa moto, gesi hiyo inalipuka, hivyo asiguse mabomba kwa moto wa kuchomelea kabla hajaitoa yote, na kazi yenyewe ifanyike mahali penye hewa, mbali na jiko la mkaa.