Chai Nyeusi ya Majani: Pima kwa Mizani Ndipo Uihukumu

Nimesikia mara nyingi kwamba chai ya majani makubwa haina nguvu. Ukidadisi, utakuta mtu amechota kijiko kimoja, kama alivyozoea kwa chai ya chenga. Hapo hajalinganisha kitu. Majani mazima yaliyosokotwa huacha nafasi tupu kwenye kijiko, ilhali chai ya CTC, ile ya punje ndogo ngumu, hujaa na kushindiliana. Kijiko ni kilekile, uzito ni tofauti kabisa.

Mimi hupima kwa mizani ya jikoni: gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6, kisha nachuja. Ndivyo wanavyofanya waonjaji wa chai, na utaratibu huo umo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 3103, kilichotolewa mwaka 1980. Chai hutoka kali kuliko ya kunywa, lakini ndiyo faida yake: kasoro haina pa kujificha. Weka vikombe vyeupe sambamba, bila sukari, uonje zikiwa vuguvugu. Chai nzuri hukausha ulimi kidogo kisha huuachia. Mbaya huacha ukakasi unaong'ang'ania.

Usisahau makapi. Yanuse yangali moto, uyatazame kwenye mwanga. Ninapoyakuta na rangi ya shaba inayong'aa, mara nyingi kikombe hakiniangushi. Meusi yaliyofifia huashiria chai iliyokaushwa kupita kiasi au iliyokaa mno. Darjeeling, chai ya milimani India, ya mchumo wa kwanza usiipime hivyo, kwani majani yake hubaki na ukijani.

Herufi za kwenye pakiti, OP, BOP na kadhalika, zinaeleza hasa ukubwa na umbo la jani. Ladha hazikuhakikishii. Mimi natafuta kwanza tarehe ya mavuno na jina la eneo.

Kama unakunywa kwa maziwa, kwa maoni yangu usitoe pesa nyingi kwa majani mazima. Maziwa hufunika harufu ya maua ya Darjeeling, ukabaki na maji ya rangi. Chukua Assam ya India au CTC nzuri ya Kenya; hizo zinayahimili. Keemun ya China, yenye moshi kwa mbali, inywe bila maziwa.

Anza na pakiti ndogo, na uhifadhi kwenye kopo lisilopitisha mwanga, mbali na viungo. Chai hunyonya harufu upesi sana.