Maumivu sugu ya kiuno na ubongo: jibu kwa dada aliyeambiwa anajitia ugonjwa

Dada, pole sana. Umesema kipimo cha picha cha MRI kimeonyesha diski moja, yaani kitulizo kilicho kati ya pingili za uti wa mgongo, imevimba kidogo, daktari akakuambia ubongo wako umeshazoea maumivu, na tangu hapo mawifi wanasema unakwepa kazi. Waambie hivi: daktari hakusema unadanganya. Maumivu yakishavuka miezi mitatu, ubongo wenyewe hubadilika, na hilo limepimwa.

Mwaka 2004, kundi la Vania Apkarian wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, lililinganisha ubongo wa wagonjwa 26 wa mgongo na watu 26 wasio na maumivu. Tabaka la kijivu la wagonjwa, yaani sehemu ya ubongo yenye seli nyingi za neva, lilikuwa dogo kwa asilimia 5 hadi 11, kiasi ambacho mtu wa kawaida hupoteza akizeeka miaka 10 hadi 20. Sehemu mojawapo iliyoathirika ni ya mbele, inayotusaidia kupanga na kuamua. Mimi ni fundi cherehani, kiuno nimeishi nacho miaka, na siku kikiwaka hata hesabu ya mita za kitenge hunichanganya. Kwa hiyo unaposema unasahausahau, nakuamini kabisa.

Kundi hilohilo lilionyesha mwaka 2013 kwamba maumivu mapya huamsha sehemu za ubongo zinazopokea maumivu, lakini yakishakuwa sugu shughuli huhamia kwenye sehemu za hofu na huzuni. Ndiyo maana maneno ya mawifi yanakuuma mpaka kiunoni. Si deko hilo.

Kuna jambo jingine wengi hawaambiwi. Mtaalamu wangu wa fiziotherapia alinilaza kifudifudi, akawa ananigusa kiunoni kwa kifuniko cha kalamu, nami nitaje ni wapi. Juu, karibu na mabega, nilipatia. Chini, upande unaouma, nilibaki kubahatisha. Akigusa sehemu mbili kwa pamoja nahisi moja. Akanieleza kwamba ramani ya mgongo iliyo kwenye ubongo hupoteza mipaka yake, na zoezi hilohilo la kugusa na kutaja husaidia kuirudisha. Nyumbani mume wangu alinifanyia kila jioni. Hayo, pamoja na kutembea na kuinuka kwenye cherehani mara kwa mara, yamenisaidia kuliko mkanda wa kiuno.

Na ubongo unaweza kurudi, dada! Mwaka 2011 watafiti wa McGill, Montreal, walipima wagonjwa kabla ya matibabu na miezi 6 baadaye. Waliopungukiwa na maumivu, sehemu ile ya mbele, upande wa kushoto, iliongezeka unene tena.

Diski isikutishe sana. Uchambuzi wa mwaka 2015 ulikuta diski zilizovimba kwa asilimia 30 ya watu wa miaka 20 wasioumwa mgongo, na asilimia 84 kwa wa miaka 80.

Ila ukianza kushindwa kuzuia mkojo au choo, ukifa ganzi sehemu za siri, au mguu ukikosa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Homa, jasho la usiku na kukonda pia usikae navyo, mwambie daktari akupime, maana TB ya uti wa mgongo ipo na inatibika.