V8 ya lita 7.5 kwenye nakala ya Cobra

Umeuliza kama injini ya Ford 460, yaani V8 ya lita 7.5, itaingia kwenye nakala yako ya Cobra, gari la michezo la miaka ya 1960. Inaingia, ila si kwa kubadilisha vishikizo vya injini peke yake. Ford 460 (namba hii, kama 289 na 351, ni ujazo wa injini kwa inchi za ujazo) ni pana, ndefu kwenda juu na nzito kuliko ile 289 ya lita 4.7 ambayo chesisi yako imeundiwa, kwa hiyo ekzosi ya upande wa dereva ndiyo itakayokusumbua kwanza, kwa kuwa hupita palepale ilipo shafti ya usukani. Baada ya hapo utashughulika na sampu (bakuli la oili chini ya injini) kugusa fremu ya mbele na kichujio cha hewa kugusa boneti.

Hata Shelby na AC, waliotengeneza Cobra asilia, hawakuipachika tu injini ya lita 7.0 mwaka 1965: chesisi ilisanifiwa upya, mabomba yake makuu yakaongezwa kipenyo kutoka inchi 3 hadi 4, na springi za majani zikaachwa, zikawekwa za koili.

Kama unachotafuta ni nguvu na si jina la injini, mimi ningechukua 351 Windsor, V8 nyingine ya Ford, na kuifunga krenki inayozipa pistoni mwendo mrefu zaidi, hivyo kuongeza ujazo. Inafika hizohizo lita 7.0 kwa uzito mdogo zaidi, ingawa nayo ni ndefu kidogo kwenda juu kuliko 289, hivyo nafasi iliyo chini ya boneti bado ipimwe. Ukishikilia 460, jaribisha kwanza bloku tupu ikiwa na ekzosi zake, kabla hujakata wala kuchomelea chochote, na uhakikishe giaboksi, difu na breki zinamudu.